Kamera ya kila siku, mitaa na sura za watu: nichague ipi hapa Dodoma?

Ndugu washauri, salaam.

Ninafanya kazi Mtumba na ninaishi Ilazo. Nafasi yangu ya kupiga picha ni wakati wa kwenda na kurudi kazini, jioni, na mwisho wa wiki. Hadi sasa natumia Canon 700D ya siku nyingi na ile lenzi yake ya 18-55. Napenda mambo matatu: maisha ya kila siku, mitaa (Soko la Majengo, barabara za namba pale mjini, Nyerere Square jioni), na sura za watu, hasa wazee wa kwetu Mvumi.

Nimetenga shilingi milioni kumi. Muuzaji wa Kariakoo ananiambia nichukue Sony A7 IV na lenzi ya 24-70 f/2.8 nimalizane na kila kitu. Mwenzangu ofisini anasema Fujifilm X100VI inatosha kabisa, na mwingine ananitajia Leica Q3. Je, fulufremu, yaani kamera yenye kihisi kikubwa, ni lazima? Na vumbi la huku litanifanyaje? Na hii 700D niiuze?

Dada wa Ilazo

JIBU

Dada, salaam zimefika. Tuanze na uamuzi, sababu zitafuata: chukua Sony A7C II, ambayo ni fulufremu, lenzi ya 40mm f/2.5 G, na lenzi ya 85mm f/1.8. (Namba ya mm ni urefu wa lenzi: ikiwa kubwa huvuta karibu. Namba ya f ni uwazi wake: ikiwa ndogo huingiza mwanga zaidi.) Hiyo 40 ndiyo itakayokaa kwenye kamera siku zote. Ile 85 itatoka kabatini unapokwenda Mvumi au unapopanga kumpiga mtu picha ya sura.

Muuzaji hakukudanganya. A7 IV na 24-70 ni zana za kazi, na anayepiga harusi Jumamosi na semina Jumatatu hana haja ya nyingine. Lakini bodi ile, yaani kamera bila lenzi, ina gramu 658, na lenzi ya 24-70 GM II (ndiyo hiyo f/2.8 ya Sony) ina gramu 695. Ni kilo moja na gramu 353 begani, ndani ya daladala la Mtumba, pamoja na mkoba wa kazi na chakula cha mchana. Wiki ya kwanza utaibeba kwa furaha, kisha taratibu itaanza kubaki nyumbani. A7C II ina gramu 514 ikiwa na betri na kadi ndani, na lenzi ya 40 ina gramu 173. Jumla 687, karibu nusu ya mzigo ule. Tena 40 ina urefu wa milimita 45 tu, kwa hiyo kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Mitaani umbo hilo lina faida ya pili: ukiingia Majengo na lenzi nene yenye mdomo wa milimita 82, wafanyabiashara wataanza kuulizana umetumwa na nani kabla hujapiga picha hata moja.

Tukae kidogo kwenye urefu wa lenzi, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Watu huchagua bodi kwanza, lenzi baadaye. Anza na lenzi. Chukua mfano wa picha ya wima yenye kichwa na mabega, kama sentimita 60 kutoka juu hadi chini. Kwa lenzi ya 28mm utalazimika kusogea hadi sentimita 47 kutoka usoni pa mtu. Kwa 35mm ni sentimita 58, kwa 50mm ni sentimita 83, na kwa 85mm ni mita 1.4. Sura ya mtu huharibiwa na umbali huo. Ukiwa nusu mita kutoka usoni pake, pua iko karibu nawe mno kuliko masikio, basi pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Ukirudi hadi mita moja na nusu, tofauti hiyo inapungua na uso unatulia, unakuwa ule ambao watu wake wanaujua. Halafu mfikirie mzee mwenyewe. Umemwamkia, mmezungumza, amekubali. Ukimsogezea kioo cha lenzi nusu mita kutoka machoni atakaza uso, na hakuna programu ya kuhariri itakayouregeza.

Unaweza kulijaribu hili bila kutumia hata shilingi, kwa 700D hiyohiyo. Kihisi chake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo, kwa hiyo zidisha namba ya lenzi kwa 1.6. Zungusha zumu hadi alama ya 24, upate sawa na 38mm, kisha bandika kipande cha selotepu kwenye pete isizunguke. Piga hivyo wiki nzima. Wiki inayofuata ifunge kwenye 55, sawa na 88mm, na upige sura tu. Wiki ya kwanza ukijikuta mara kwa mara unarudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta, basi badala ya 40 chukua FE 35mm f/1.8, yenye gramu 280. Ukijikuta kila wakati unatamani kusogea mbele, basi FE 55mm f/1.8 ndiyo itakayokufaa zaidi. Ila wengi wanaopiga mitaa na nyumbani kwa pamoja watatulia kwenye 40.

Kuhusu fulufremu: kwa mitaa si lazima, kwa sura inasaidia, na msaada wake unapimika. Ukimpiga mtu aliye mita 2 mbele yako kwa 85mm f/1.8 kwenye fulufremu, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 6 hivi. Ukimpiga kwa X100VI, f/2, umbali uleule, kina ni kama sentimita 60, na kila ufa wa ukuta ulio nyuma yake utasomeka. Lakini kina kifupi nacho ni mtego. Ukisogea hadi ile mita 1.4, kwenye f/1.8 zinabaki sentimita 3 tu: jicho la karibu liko kali, la pili limeshafifia. Kwa picha ya kichwa na mabega weka f/4, upate sentimita 6 na nusu hivi. Acha f/1.8 kwa picha ya kiuno kwenda juu, au kwa giza.

Mitaani mambo yanageuka, kihisi kidogo kinakuwa na nafuu. Njia ya zamani bado ni ya haraka kuliko fokasi ya aina yoyote: zima fokasi ya kujiendesha, weka umbali wa mita 3, apacha (uwazi wa lenzi) f/8, ISO (wepesi wa kihisi kunasa mwanga) ijipange yenyewe, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/500 ya sekunde. Kwa 40mm kwenye fulufremu, vyote vilivyo kati ya mita 2 na mita 5.4 vitakuwa vikali. Kwa X100VI ni kuanzia mita 1.6 hadi mita 30 hivi. Mwenzako wa ofisini ana hoja, na ukipima picha zako za mwaka uliopita ukakuta sura za watu ni moja kati ya kumi, mfuate. X100VI ya mwaka 2024 ina pikseli milioni 40, lenzi isiyobanduka sawa na 35mm, gramu 521, na ilizinduliwa kwa dola 1,599, fedha ambayo ingekuachia akiba nzuri. Ina vipimo vya kukata picha hadi sawa na 50mm na 70mm, lakini hiyo 70 inabaki na pikseli milioni 10, na kina hakibadiliki kwa sababu lenzi ni ileile. Kwa barua yako, yenye wazee wa Mvumi ndani yake, haitakutosha.

Leica Q3 tuipite haraka. Ni kamera nzuri mno, na imethibitishwa kustahimili vumbi na matone kwa kiwango cha IP52, lakini lenzi yake ni 28mm, na bei yake ya kuzinduliwa ilikuwa dola 5,995. Imevuka mfuko wako, na kwa sura inakurudisha kwenye ile nusu mita. Ricoh GR III utaisikia pia, gramu 257, inaingia mfukoni. Kwa Dodoma hatuipendekezi: haikuzibwa dhidi ya vumbi, na lenzi yake hutoka na kuingia kila unapowasha na kuzima, kwa hiyo huvuta vumbi ndani hadi kwenye kihisi, ambako huwezi kufika bila kuifungua.

Mshindani wa kweli wa A7C II kwako ni Nikon Zf ya mwaka 2023. Bodi ilizinduliwa kwa dola 1,999, Z 40mm f/2 kwa dola 299, Z 85mm f/1.8 S kwa dola 799: jumla dola 3,097. Seti ya Sony, kwa bei za kuzinduliwa, ni 2,199 na 599 na 599, yaani dola 3,397. Nikon ni nafuu, na shata yake ya mitambo inafika 1/8000 wakati ya Sony inaishia 1/4000. Kinachotushinda ni uzito: gramu 710 bila lenzi, na mbele haina sehemu ya kushikia. Mikono ikiwa mikubwa na bega likiwa gumu, hakuna kosa kuichukua.

Hiyo tofauti ya shata si ya kinadharia hapa. Dodoma ipo latitudo ya nyuzi 6 kusini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita juu ya utosi. Kwenye jua kali la wazi, hesabu ya mwanga ni f/16, ISO 100, shata 1/100. Fungua apacha hadi f/1.8 na shata inapanda hadi 1/8000. A7C II haifiki huko kwa shata ya mitambo, basi picha itaungua. Shata ya kielektroniki inafika, lakini bajaji inayopita itatoka imeinama, na taa za LED zitaacha mistari. Isitoshe, pazia la kwanza la shata ya kamera hii ni la kielektroniki hata unapotumia ya mitambo, na kwa spidi za juu na apacha iliyofunguka, yale maduara laini ya mwanga nyuma ya mtu hukatika upande mmoja. Dawa ya yote hayo ni filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya milimita 67 kwa ajili ya 85. Inapunguza stopu 3, yaani mwanga unabaki moja ya nane, na 1/8000 inakuwa 1/1000.

Ila bora zaidi ni kutompiga mtu kwenye jua hilo kabisa. Macho yanaingia kwenye mashimo meusi na paji la uso linawaka. Mweke barazani, mita moja ndani ya mstari wa kivuli, akitazama nje kwenye uwazi. Uwazi huo ndio utakaong'aa machoni pake. Chini ya mwarobaini pia panafaa, lakini angalia rangi: majani hutia ukijani juu ya uso, na udongo mwekundu hurudisha wekundu chini ya kidevu. Mpangilio wa rangi wa kujiendesha hauwezi kusahihisha vyote viwili kwa wakati mmoja. Piga RAW (faili ghafi unaloweza kulirekebisha rangi baadaye), na ikiwezekana tandika shuka jeupe au kiroba cheupe miguuni pake, nje ya fremu, kufunika udongo.

Na ngozi yetu. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera inauona ukuta, inapunguza mwanga, na uso unazama. Ongeza fidia ya mwanga ya +1 hadi +1.3. Lakini uso ukijaza fremu na nyuma kuna giza la mlango, kamera inafanya kinyume: inauvuta mwanga juu, ngozi inapauka kama yenye majivu na ule mng'ao wake unapotea. Hapo shusha -0.3 hadi -0.7. Washa ile mistari ya tahadhari ya mwanga, uiweke 100+, uone kama kanzu au kilemba cheupe kinaungua. Kosa hili la mwanga ni la kawaida kuliko la fokasi, na watu huishia kulaumu kamera.

Jioni pale Nyerere Square, chini ya taa za LED za wauza chipsi, umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tumia shata ya mitambo kwenye 1/50 au 1/100, mistari isitokee. Weka f/2.5, ruhusu ISO hadi 6400. Kwenye gurudumu la A7C II kuna nafasi za kumbukumbu 1, 2 na 3. Hifadhi mtaa kwenye 1, sura kwenye 2 (fokasi ya kuendelea, kufuata jicho, shata isishuke chini ya 1/250), usiku kwenye 3.

Vumbi sasa. Kuanzia Mei hadi Novemba, mvua zikiwa zimeondoka na upepo umeanza, ndilo litakalokusumbua, na kwa kamera yenye lenzi za kubanduka njia yake kuu ni pale unapobadilisha lenzi. Kanuni yetu ni kali: usibadilishe lenzi stendi, sokoni, wala kando ya barabara ya vumbi. Amua nyumbani leo ni 40 au 85. Ukilazimika, ingia ndani ya duka au gari lililofungwa vioo na zima kamera. Legeza kwanza kifuniko cha nyuma cha lenzi inayoingia, kisha elekeza mdomo wa kamera chini na ubadilishe kwa haraka. Kifuniko cha nyuma chenyewe kipulize kabla ya kukirudisha, maana vumbi lililo ndani yake linahamia kwenye lenzi, kisha kwenye kihisi.

Kila mwisho wa wiki piga picha ya anga tupu kwa f/16 bila fokasi. Vidoa vyeusi visivyohama ni vumbi kwenye kihisi. Chagua usafishaji wa kihisi kwenye menyu, kisha puliza kwa kipulizio cha mpira huku mdomo wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Na usithubutu kuipeleka kwenye kompresa ya gereji: hewa ile ina mafuta na maji, na nguvu yake inaweza kuharibu pazia la shata. Doa likigoma ndipo utumie kijiti maalumu cha kusafishia, cha milimita 24 kwa fulufremu, na matone mawili ya dawa yake, mara moja kwenda na mara moja kurudi, kisha ukitupe. Ukija kuchagua X100VI, nunua pamoja nayo pete ya AR-X100 na filta ya PRF-49, kwa sababu bila hizo mbele yake haijazibwa.

Kwenye kununua, bei za dola tulizotaja ni za Marekani kabla ya kodi. Dukani ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, na seti nzima inaweza kuivuka milioni kumi. Ikivuka, shusha bodi, usishushe lenzi: A7C ya kwanza, ya mwaka 2020, pikseli milioni 24, gramu 509, inatumia lenzi zilezile na betri ileile ya NP-FZ100. Kabla ya kutoa fedha, washa kamera uangalie lugha. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na menyu ya Kijapani tu, na huwezi kuibadilisha. Linganisha namba ya bodi na ya boksi. Kama ni ya mtumba, fanya lile jaribio la f/16, na umulike tochi ndani ya lenzi kutokea nyuma: nyuzi kama za buibui ni kuvu, hasa kwa lenzi zilizokaa pwani, iache. Kadi ya SD ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, kwa sababu kadi bandia huandika GB 128 nje na kuanza kupoteza picha zikijaa kidogo tu. Dai risiti ya EFD. Bila hiyo, dhamana ya duka ni maneno.

Kwa wazee wa Mvumi, salamu ya "mbukwenyi" na mazungumzo viitangulie kamera, kisha uwapelekee nakala zilizochapishwa. Mjini, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu inaingia humo, hasa ukitaka kuitumia kibiashara. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na eneo la Ikulu ya Chamwino usivielekezee kamera bila kibali.

Hiyo 700D usiiuze bado. Fedha ikitosha bodi na 40 tu kwa sasa, 18-55 yake kwenye 55 itakupigia sura kwa f/5.6 hadi 85 ipatikane. Kwenye kihisi chake, ukiwa mita 1.4 na ukuta ukiwa mita tatu nyuma ya mtu, nyuma kunafifia vya kutosha. Ikifika 85, ndipo uiuze pamoja na lenzi yake, chaja na betri zake zote za LP-E8 kwa mkupuo, kwa sababu vikitengana havina mnunuzi.